Ibn Battuta: Kadhi Asiyeijua Lugha ya Mji



Ndugu msomaji, ni nyumba chache katika mitaa yetu ambazo hazina mtu wake ng'ambo. Kuna kaka aliye dereva Qatar, dada anayelea watoto Saudia, mjomba mlinzi wa jengo Dubai. Tunapofuturu tunawataja kwenye dua. Wengi wao waliondoka na pasi ya kusafiria, begi moja na maneno kumi ya Kiarabu cha madrasa. Wakifika huko ndio wanajua kwamba kusoma Qur'ani kwa tajwidi ni jambo moja, na kuelewa anachosema bosi saa kumi na moja alfajiri ni jambo jingine kabisa.

Basi Ramadhan hii tumeona tuwahadithie habari za mtu ambaye kila mmoja wetu amelisikia jina lake, ila wengi tunamjua kama mtembezi tu. Tunasahau kwamba alikuwa pia mtu wa kutafuta riziki. Alikula mkate wa ugenini kwa karibu miaka 25, mara nyingi katika nchi ambazo lugha zake hakuzijua. Huyu ni Ibn Battuta.

KIJANA WA TANJA

Jina lake ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah. Alizaliwa mwaka 1304 katika mji wa Tanja, Morocco, kwenye ukoo wa Kiberberi uliotoa makadhi. Kwa hivyo alisomeshwa fiqhi ya madhehebu ya Imam Malik tangu utotoni, na ukadhi kwao ulikuwa kama ufundi wa nyumbani, vile fundi seremala anavyomrithisha mwanawe randa na msumeno.

Mwaka 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaenda Hijja. Aliondoka peke yake, hana rafiki wala msafara. Alipofika Tunis watu wa mji wakatoka kuwapokea wageni, kila mtu akaamkiwa na wake, yeye hakuna hata mmoja aliyemsalimia kwa sababu hakuna aliyemjua. Kijana akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka. Haji mmoja akamwona, akamsogelea, akamliwaza mpaka wakaingia mjini.

Na hapo, jamani, alikuwa bado yuko kwa watu wanaozungumza Kiarabu! Ugeni ulimuuma hata kabla lugha haijamshinda. Kama wewe ulilia wiki ya kwanza huko uliko, usione haya.

Baada ya Hijja hakurudi nyumbani. Alizunguka Iraq, Uajemi na Yemen, na mwaka 1331 akashuka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mogadishu alimkuta kadhi mwenye asili ya Misri, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwanachuoni, desturi ya mji ilikuwa apelekwe kwanza kwa sultani kabla ya kupewa pa kulala. Mombasa alilala usiku mmoja, akasifu dini ya watu wake na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, kisha akaendelea hadi Kilwa.

Hapo akaliona jambo litakalomlisha maisha yake yote. Bandari nyingi za Waislamu zilimhitaji mtu anayejua sheria kwa Kiarabu. Lugha ya sokoni ilibadilika kila bandari, lakini lugha ya kitabu ilikuwa moja. Elimu yake ndiyo iliyokuwa pasi yake ya kusafiria.

RAMADHAN KATIKA NCHI YA WATURUKI

Kutoka kwetu alielekea kaskazini, na mwanzoni mwa miaka ya 1330 akaingia nchi ambayo leo tunaiita Uturuki. Huko Kiarabu kilikuwa cha wachache tu. Ramadhan ilimkuta katika mji wa Egirdir, akafuturu pamoja na sultani wa mji. Futari ilianza kwa sahani ndogo ya tharidi, mkate uliochanganywa na adesi, samli na sukari, kwa kutafuta baraka, maana Mtume (S.A.W.) alikuwa akiipenda tharidi.

Karibu na Idi wakafika mji wa Ladhiq, ambao leo ni Denizli. Walipokuwa wakipita sokoni, wanaume wakatoka madukani wakazikamata hatamu za farasi wao. Kabla hawajajua kuna nini, kundi jingine likatokea likazozana na lile la kwanza, hata visu vikachomolewa. Ibn Battuta na wenzake hawakuelewa neno moja. Walikuwa wamesikia habari za wanyang'anyi wa njiani, wakajua leo ndio mwisho wao.

Mwenyezi Mungu akawaletea mtu aliyewahi kuhiji na aliyejua Kiarabu. Wakamuuliza watu hawa wanataka nini. Kumbe hawakuwa majambazi! Walikuwa vikundi viwili vya vijana wa Kiislamu, vyama vya mafundi waliochangisha mapato yao ya siku ili wawakaribishe wageni jioni. Kila kundi lilitaka mgeni alale kwao. Ikabidi wapige kura, kundi moja likashinda, na yaliyofuata yalikuwa hamamu, chakula tele na kisomo cha Qur'ani. Idi wakaisali katika mji huo huo.

Hebu fikiria. Mtu anagombania kukukirimu, wewe unadhani anataka kukuua. Asiyejua lugha huikosa hata heshima anayopewa.

SAMLI NA MAJANI MAKAVU

Visa vya safari hiyo ni vingi na vingine vinachekesha. Katika mji mmoja mdogo wa baridi kali waliwatuma watu sokoni, mmoja anunue majani makavu ya kulisha wanyama, mwingine anunue samli. Kwa Kiarabu samli ni samn, neno ambalo sisi Waswahili tumelichukua tukalifanya letu. Mwenye duka akapokea pesa, akamtuma kijana wake, wakangoja sana. Kijana akarudi na mzigo wa majani makavu! Wakasema hapana, tunataka samn. Mwenye duka akawaambia hii ndiyo samn. Kumbe kwa Kituruki neno hilo ndilo jina la majani makavu. Yule aliyetumwa akarudi mikono mitupu huku akicheka peke yake.

Kwa taabu hizo wakaamua kumwajiri mkalimani, haji mmoja aliyejua Kiarabu. Wakampa nguo na pesa ya matumizi. Bwana huyo alikuwa mwizi. Wakimpa pesa za kununua mkate anaficha kidogo, wakimpa za kuni au mboga vilevile. Walijua, lakini wangefanya nini? Walikuwa mikononi mwake. Ikafika hadi jioni wakawa wanamuuliza haji, leo umetuibia ngapi, naye anawatajia kiasi bila haya, wanacheka wote. Kicheko cha mtu asiyekuwa na la kufanya.

Lakini kisa kilicho na mafunzo makubwa zaidi ni hiki. Katika mji mwingine wenyeji walimwitia mwanachuoni wao ambaye walidhani anajua Kiarabu, ili azungumze na wageni. Mwanachuoni akaja, akawasemesha kwa Kifarsi, nao wakamjibu kwa Kiarabu. Hawakuelewana. Badala ya kukiri, akawageukia watu wake akawaambia kwamba wageni hawa wanazungumza Kiarabu cha kale, na yeye anajua Kiarabu kipya. Vijana wa mji wakaamini. Wakazidi kuwaenzi wageni, wakidhani wanazungumza lugha ile ile ya Mtume (S.A.W.) na Maswahaba. Ibn Battuta hakuelewa siku ile kilichosemwa, lakini aliyahifadhi maneno yale kichwani kama alivyoyasikia. Baadaye alipojifunza Kifarsi, ndipo akajua walivyochezewa.

Tafadhali msomaji, mshike mwanachuoni huyo. Tutamrudia.

KAZI YA DELHI

Mwaka 1333 Ibn Battuta akafika mto Indus na kuingia India. Sultani wa Delhi wakati huo alikuwa Muhammad bin Tughluq, mtu mkarimu ajabu na mkali ajabu. Sultani huyu alipenda kuwapa kazi wageni kuliko wenyeji, tena akaamuru wageni wasiitwe wageni bali waitwe waheshimiwa. Habari hiyo ilikuwa imeenea, na watu walitoka kila pembe kwenda kutafuta riziki Delhi, kama leo vijana wanavyosikia habari za Ghuba.

Kulikuwa na desturi moja. Huendi mbele ya sultani mikono mitupu. Unampelekea zawadi, naye hukurudishia mara nyingi zaidi. Wafanyabiashara wakaifanya hiyo kuwa biashara. Wanamkopesha mgeni farasi, ngamia na bidhaa za kupeleka, na akipata chake anawalipa. Ibn Battuta naye alikopa. Yaani alianza kazi akiwa na deni, jambo ambalo wengi waliolipiwa nauli na wakala wanalielewa vizuri sana.

Sultani akawauliza wageni nani anaweza uwaziri, nani ukatibu, nani ukadhi, nani ualimu. Ibn Battuta akajibu kwamba uwaziri na ukatibu si kazi yake, ila ukadhi ndiyo kazi yake na ya baba zake. Akateuliwa kadhi Delhi, kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, na nyingine 12,000 akapewa taslimu papo hapo.

Sasa tazama kikao kile. Sultani anazungumza Kifarsi, lugha ya dola. Ibn Battuta anakielewa kidogo lakini hawezi kukijibu vizuri. Sultani naye anakielewa Kiarabu lakini hawezi kukijibu vizuri. Watu wawili wamekaa, kila mmoja anaelewa nusu. Sultani akamweleza kwamba ukadhi wa Delhi si kazi ndogo, kwao ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa.

Hapo ndipo kijana wa Tanja alipofanya jambo ambalo wengi wetu tungeogopa kulifanya. Mshahara uko mezani, madeni yako mlangoni. Angeweza kunyamaza. Badala yake akamwambia sultani mambo mawili waziwazi. La kwanza, yeye ni wa madhehebu ya Maliki na watu wa Delhi ni Hanafi. La pili, hajui lugha.

Sultani hakumfukuza. Alimjibu kwamba amekwisha mwekea manaibu wawili, Bahauddin wa Multan na Kamaluddin wa Bijnor. Hao watasikiliza mashauri na kushauriana naye, na yeye ataweka sahihi kwenye hati.

Mlinganishe sasa na yule mwanachuoni wa Kiarabu kipya. Mmoja alificha kutojua kwake ili asiaibike mbele ya watu wa mji wake. Mwingine alikiri kutojua kwake mbele ya mfalme mwenye upanga, siku ile ile ya kupewa kazi. Na tukumbuke kwamba kadhi si kazi ya mchezo. Mbele yake wanakuja mjane anayedai mirathi, mke anayedai nafaka, masikini aliyedhulumiwa kiwanja. Kadhi asiyeelewa wanachosema, kisha akajifanya anaelewa, huyo anadhulumu kwa kalamu. Kusema sijui kulikuwa ni kulinda haki za watu ambao hata hawakuwepo kwenye kikao kile.

UPANDE WA PILI WA SARAFU

Hatutaki kumpamba kupita kiasi. Maisha yake Delhi yalikuwa na dosari. Alipenda kutumia. Madeni yake yalifika dinari 55,000. Alitunga kasida ya Kiarabu kumsifu sultani na kueleza deni lake, akaisoma beti kwa beti huku kadhi mkuu akimfasiria sultani kwa Kifarsi. Sultani akaamuru deni lilipwe. Hapohapo tuseme pia mema yake. Alikabidhiwa usimamizi wa kaburi la Sultani Qutbuddin, na njaa kubwa ilipoikumba India, masikini walilishwa pale.

Lakini ona riziki yake ilivyosimama. Haikusimama juu ya watu wa Delhi, maana hakuweza kuzungumza nao kama wanavyozungumza wao kwa wao. Ilisimama juu ya mtu mmoja tu, sultani. Na sultani aliweza kugeuka.

Aligeuka. Kulikuwa na sheikh mcha Mungu, Shihabuddin, aliyekataa kumtii sultani. Ibn Battuta alikuwa amekwenda kumzuru. Sheikh akakamatwa na baadaye akauawa, na waliomzuru wakatiliwa shaka. Walinzi wanne wakawekwa juu ya Ibn Battuta, na ilijulikana kwamba wanaowekewa walinzi hao ni nadra kupona. Siku ya kwanza alisoma dhikri ya kumtegemea Allah mara 33,000. Akafunga siku 5 mfululizo, kila siku akihitimu Qur'ani nzima, na hakuonja kitu ila maji. Zilipotimia siku 9 akaachiliwa. Akaigawa mali yake, akavaa nguo za kifakiri, akakaa na mcha Mungu mmoja kwa miezi 5.

Baadaye sultani alimwita tena, akamfanya balozi wa kupeleka zawadi China. Huko njiani akatekwa na kuporwa, kisha dhoruba ikaizamisha merikebu ya zawadi huko Calicut, yeye akiwa amebaki nchi kavu ili asali Ijumaa. Hakuthubutu kurudi Delhi. Visiwa vya Maldives wakampa ukadhi tena, napo akakosana na wakubwa akaondoka mwaka 1344.

Aliporudi kuelekea nyumbani, alipata habari akiwa Damascus kwamba babake alikufa miaka 15 nyuma. Alipokaribia Tanja mwaka 1349 akaambiwa kwamba mamake naye amekufa kwa tauni, miezi michache tu kabla. Miaka 24 ya ugenini, na hakumwahi hata mmoja. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

RAMADHAN YA MALI

Kisa cha mwisho kinaturudisha kwenye mwezi wetu huu. Mwaka 1352 alivuka jangwa la Sahara akaingia dola ya Mali. Mjini Walata, gavana aliwasemesha wafanyabiashara kupitia mkalimani ingawa walikuwa wamesimama karibu yake kabisa. Ibn Battuta akaona ni dharau, akajuta kuja. Alipofika mji mkuu akaambiwa zawadi ya sultani imekuja, akainuka haraka akitarajia mavazi na dhahabu. Akakuta mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka.

Miezi ikapita. Mkalimani wa sultani, aliyeitwa Dugha, akamshauri aseme shida yake mwenyewe, naye atamfasiria. Mwanzoni mwa Ramadhan akasimama mbele ya Mansa Sulayman, akaeleza kwamba amezunguka dunia na kukutana na wafalme, na hapa amekaa miezi bila kupewa chochote, sasa atawaeleza nini wafalme wengine. Sultani akasema hakuwa na habari naye. Tokea siku hiyo akapewa nyumba na matumizi, na usiku wa 27 wa Ramadhan, sultani alipowagawia wanavyuoni mali, naye akapata mithqali 33 na thuluthi za dhahabu.

Miezi yote ile riziki ilikuwa pale pale. Kilichokosekana ni mtu wa kuyafikisha maneno, na ujasiri wa kuyasema.

Baada ya kurudi Morocco, Sultani Abu Inan wa Fez akaamuru safari zake ziandikwe. Ibn Battuta akasimulia, Ibn Juzayy akaandika, na kitabu kikamalizika mwaka 1355. Mzee wetu akaishia kuwa kadhi katika mji wa nchi yake, mahali ambapo hakuhitaji naibu wa kumfasiria, hadi kifo chake mnamo 1368 au 1369. Mwenyezi Mungu amrehemu.

TUNAJIFUNZA NINI

Enyi vijana, na nyinyi wazazi mnaowauzia watoto ng'ombe na viwanja ili wasafiri, tuyachukue haya.

Kwanza, safiri na kazi mkononi. Ibn Battuta hakuijua lugha ya Delhi lakini aliijua fiqhi. Fundi umeme, mpishi, muuguzi, dereva mzuri, kazi yake humsemea kabla hajafungua mdomo.

Pili, usiseme ndiyo kwa jambo usilolielewa. Kutikisa kichwa kwa sababu ya haya kumewaingiza wengi matatani. Ukiwekewa mkataba kwa lugha usiyoisoma, usitie sahihi mpaka umesomewa na mtu unayemwamini, tena si yule anayepata pesa kwa wewe kutia sahihi. Kumbuka haji wa mkate na kuni.

Tatu, jifunze lugha ya watu. Yule mgeni ambaye mwenzake alirudishiwa majani badala ya samli ndiye baadaye aliyeelewa maneno ya Kifarsi aliyoyahifadhi bila kuyajua maana. Maneno matano kwa siku si mzigo. Anza na ya kazi, halafu ya kununua, halafu ya kuomba msaada. Usiiache riziki yako ining'inie kwa bosi mmoja na mkalimani mmoja.

Nne, piga simu nyumbani. Yeye hakuwa na simu.

Na sisi tuliobaki, usiku huu tukimaliza tarawehe tuangalie safu za nyuma msikitini. Huenda yuko mgeni aliyekuja kutafuta maisha kwetu, Kiswahili hakijamkaa ulimi, na hakuna aliyemsalimia. Tumsalimie. Tumkaribishe futari kesho. Wale vijana wa Ladhiq waligombania mgeni. Sisi tusishindwe hata kumpa mkono.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.